DIWANI WA WATU WOTE
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kishushe



Ni desturi ya Chama chetu ya kwamba, baada ya kusomwa hesabu ya fedha na taarifa ya misiba na karo za watoto, isomwe hotuba moja juu ya jambo lililotutatiza katika mwaka. Safari hii Kamati imetuagiza tunene juu ya kazi ya diwani katika kulinda usalama wa watu na katika kuwapatanisha wenyeji wa makabila mbalimbali. Sisi tunaoshika kalamu ya Chama tumezoea kuandika maneno ya wakubwa kuliko kusema ya kwetu. Kwa hiyo tunaomba radhi mapema palipo na upungufu.

Hapana budi tuanze na jambo ambalo wengi wenu mwalijua, ingawa halijapata kutamkwa katika mkutano huu. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, mbuzi 11 wa mwenzetu mmoja walipotea usiku katika kijiji kimoja cha wadi yetu. Kulipokucha neno lilipita nyumba hata nyumba ya kwamba wameibwa. Na kabla ya jua kufika utosini, neno lilikuwa limekwisha kupata wenyewe. Walikuwa vijana wawili waliokuja huku kufanya kazi ya kuvunja mawe ya chuma, mmoja Mkamba na mwenzake mtu wa pande za Magharibi. Hapana aliyewaona na mbuzi. Hapana aliyefuata nyayo. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili tu: ya kwanza, ni wageni, ya pili, usiku ule taa yao ilionekana ikiwaka mpaka usiku wa manane. Wakakamatwa, wakafungwa kamba, wakapigwa. Mmoja wao alivunjika mkono wa kulia. Askari waliowapokea waliwaachilia siku ya pili kwa kuwa hapakuwa na ushahidi.

Siku ya tatu mtoto mchungaji akawakuta mbuzi 9 korongoni wakiwa wazima. Wawili waliobaki yalikuwa mabaki tu, na nyayo za fisi zilikuwa zimezunguka pale. Wazee walipokwenda kulitazama zizi, wakaona upande wa nyuma miiba imekauka na kuanguka. Zizi ndilo lililowatoa mbuzi. Wala si Mkamba, wala si mtu wa Magharibi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hatuisemi habari hii kama watu walioisikia kwa mbali. Wanachama wa Chama hiki walikuwapo. Baadhi yetu walipiga, na wengi zaidi tulisimama kando kama watazamao mpira. Majuma mawili baadaye akaja mjomba wa kijana yule aliyevunjika mkono, mtu mzima mwenye adabu, akaomba kuonana na viongozi wa Chama. Tulidhani amekuja kudai fidia, na mweka hazina alikwisha kuanza kueleza umaskini wetu. Lakini mgeni hakutaja fedha. Aliuliza jambo moja tu: ni wapi palipoandikwa ya kwamba mpwa wake si mwizi? Tukafungua daftari la Chama mbele yake. Katika ukurasa wa siku ile palikuwa na maneno haya: "Wezi wawili wamekamatwa." Baada ya hapo hapakuwa na neno jingine. Na kalamu iliyoandika ilikuwa yetu sisi.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: usalama tunaoupigia kelele kila tunapokutana ni usalama wa nani? Na yule tunayempigia kura ili atulinde, je, ni diwani wa waliozaliwa hapa tu, au ni diwani wa kila anayelala chini ya paa katika wadi hii?

Wazee wetu, sisi Wataita hatupaswi kufundishwa na mtu wa nje maana ya kushukiwa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Wadachi yalivuka mpaka yakaikamata ngome ya Waingereza pale Kasigau. Waingereza walisema ya kwamba wenyeji ndio waliowasaliti. Hawakumtafuta mtu mmoja mmoja mwenye hatia. Waliwachukua watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, wakawahamishia Malindi, nchi ya joto na homa ambayo miili yao haikuizoea. Wengi walifia huko, na ilipita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudishwa mlimani kwao. Habari hii husimuliwa mpaka leo majumbani mwetu kwa uchungu, na ni haki isimuliwe. Lakini mtu akiisimulia jioni, na asubuhi akamfunga kamba kijana wa watu kwa sababu ya kabila lake, basi hakuielewa hadithi ya babu yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya diwani. Neno hili tunalitumia kwa mazoea, maana mabaraza ya zamani ya wilaya na ya miji yalikoma baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, na mahali pake pakaja Bunge la Kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina wadi 20, na yetu ya Wumingu na Kishushe ni mojawapo ya wadi nne za jimbo la Wundanyi. Mwakilishi wa wadi ndiye diwani wa siku hizi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yamwagiza akae karibu na watu wake, asikie maoni yao, ayafikishe Bungeni, na awe daraja kati ya watu na huduma za kaunti. Sheria hiyo hiyo yamkataza kushika kazi za utendaji kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Na polisi si wa kaunti, bali ni wa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo diwani hana askari hata mmoja wa kumwamuru, wala hana pingu, wala hana ufunguo wa mahabusu.

Mtu aweza kuuliza: basi diwani asiye na askari atalindaje usalama? Swali hilo lilipata kujibiwa zamani, tena kwa gharama kubwa, na madiwani wawili wa Nairobi. Twaomba tuwatoe hapa Kishushe kwa kitambo kidogo twende huko, kisha tutarudi nyumbani.

Waafrika wa kwanza waliingia katika Baraza la Nairobi katika miaka ya 1940, na waliingia kwa kuteuliwa, si kwa kura. Viti vyao vilikuwa vichache, na waliowawakilisha walikuwa maelfu ya wafanyakazi wa kila kabila waliosongamana katika vyumba vya mashariki ya mji. Mmoja wa madiwani hao alikuwa Tom Mbotela. Ukoo wake ni wa Freretown, mji ule wa Mombasa uliojengwa na Misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Wakaaji wa Freretown walikuwa wametoka kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wakawa jamii moja kwa lugha ya Kiswahili, kanisa na shule. Mtu wa asili hiyo hakuwa na kabila kubwa la kumsimamia. Pamoja na hayo alipata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya African Union, na katika Baraza la Mji alikuwa sauti ya Waafrika wote.

Wa pili alikuwa Ambrose Ofafa. Yeye alikuwa Mjaluo, tena mweka hazina wa Luo Union, chama cha ustawi cha watu wa kabila lake, kama hiki chetu. Lakini alipokaa katika kiti cha Baraza alikaa kwa ajili ya mji.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana alitangaza Hali ya Hatari. Mbotela alikuwa mtu wa kupinga umwagaji wa damu, na alisema hivyo hadharani katika siku ambazo wengi walinyamaza. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, usiku, aliuawa katika mtaa wa Waafrika huko Nairobi. Mwaka 1953 Ofafa naye akauawa. Hatukuja hapa kuwahukumu wapigania ardhi na uhuru. Taifa limewapa heshima yao, na dhuluma iliyowapeleka msituni ilikuwa dhuluma ya kweli. Twasema hili tu: madiwani hawa wawili hawakuwa na bunduki wala walinzi. Silaha yao ilikuwa kwamba mtu wa kabila lolote aliweza kuwaendea na kuwaambia shida yake. Silaha hiyo ndiyo waliyoishika mpaka walipoanguka.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa yake nyingine ya usalama. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Nairobi operesheni iliyoitwa Anvil. Mji ulizingirwa na majeshi, watu wakatolewa nyumbani na kazini, wakapangwa kwa makabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Mkubwa wa mji wa wakati ule angeweza kusema kwamba mitaa imetulia. Naam, nyumba iliyohamwa nayo hutulia. Lakini utulivu wa namna hiyo haukumfanya jirani amwamini jirani. Ulimfundisha kumtazama mwenziwe kwa kabila lake kwanza na kwa utu wake baadaye, na nchi yetu imelipa deni la mafunzo hayo mara nyingi, hasa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007.

Mwenye kwenda Nairobi leo atauona mtaa uitwao Mbotela, na ataiona mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Na Kisumu lipo jumba la kumbukumbu ya Ofafa. Mitaani humo wanakaa watu wa makabila yote ya Kenya, mlango kwa mlango. Hilo twaliona kuwa kaburi la heshima kwa diwani kuliko jiwe la marumaru.

Sasa turudi nyumbani. Huenda mzee mmoja akasema moyoni: hayo ni mambo ya mjini, ambako kila mtu ni mgeni, sisi tuna ardhi ya mababu na mipaka yetu. Kwa heshima twajibu ya kwamba wazee wetu wenyewe walitutangulia katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wa milima hii walipobanwa kwa habari ya ardhi na mifugo, walianzisha Taita Hills Association, na miongoni mwa vinara wake alikuwa Mengo Woresha. Hawakujifungia milimani. Walishikana mikono na Wakikuyu wa Kikuyu Central Association na Wakamba wa Ukamba Members Association, wakapeana shauri na moyo. Mwaka 1940 Serikali ilivipiga marufuku vyama vyote vitatu pamoja, ikidai kwamba vilikuwa na siri na adui Mwitalia, na viongozi wao wakawekwa kizuizini Kapenguria. Mtaita, Mkikuyu na Mkamba walilala chini ya ulinzi mmoja kwa shauri moja. Kama Mkamba alifaa kuwa mwenzetu kizuizini mwaka 1940, hatuoni ni kwa nini asifae kuwa mwenzetu katika kamati ya kijiji leo.

Tena Kishushe yenyewe si ile ya zamani. Sisi tuko chini ya vilima, katika nchi kavu inayopakana na Hifadhi ya Tsavo iliyotangazwa mwaka 1948. Mawe ya chuma yamewaleta wachimbaji, madereva, mafundi na mama wauza chakula kutoka pande nyingi. Katika ranchi za kaunti hii wamekuwa wakiingia wafugaji wa mbali na ng'ombe na ngamia, na ugomvi wa malisho na maji umekuwa mkubwa. Ndovu nao hushuka usiku. Ndovu huyo akivunja ghala haulizi kama mwenyewe ni Mtaita au Mkamba, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, haikuandika kabila la marehemu. Hatari zetu zimekwisha kuwa za watu wote. Kilichobaki nyuma ni ulinzi wetu.

Je, sheria zimempa diwani nini mkononi? Twaona mambo matatu.

La kwanza, Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 imeweka katika kila kaunti Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni Gavana au mtu aliyemteua, na wajumbe wawili waliochaguliwa na Bunge la Kaunti wana viti humo, pamoja na watu wa dini, akina mama, vijana na wafanya biashara. Sheria hiyo hiyo yatambua kamati za polisi na wananchi. Hapo ndipo sauti ya wadi yaweza kumfikia mkubwa wa askari bila ya kupigwa mtu. Kadhalika tangu mwaka 2013 tuna mpango wa Nyumba Kumi, ambao mfano wake ulianza kwa majirani zetu wa Tanzania katika miaka ya 1960. Mpango huo ni mzuri, mradi nyumba ya kumi isirukwe kwa sababu anayekaa ndani yake ni mpangaji.

La pili, diwani hupiga kura juu ya fedha za kaunti, na kazi za kaunti ni pamoja na maji, masoko, barabara ndogo, taa za barabarani na shule za chekechea. Watu wengi hawayaiti mambo haya usalama. Sisi twayaita hivyo. Bwawa moja likichimbwa mahali panapofaa, wachungaji wawili hawatapigana kisimani. Taa ikiwekwa penye maduka, mama atafunga biashara yake bila ya hofu, na kijana hatashukiwa kwa kuwa taa ya chumba chake iliwaka. Mtoto wa mchimbaji akikaa dawati moja na mtoto wa mwenye shamba, baba zao wataitana kwa majina.

La tatu, na hili ndilo kubwa, diwani ana ulimi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 imefanya maneno ya kuchochea chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Lakini kati ya kosa la jinai na neno jema pana uwanja mpana. Diwani akisimama msibani akasema "wageni wametuzidi", hakuvunja sheria. Lakini jioni yake mtu atavunjwa mkono. Diwani huyo huyo akisimama akasema "kabla ya kumshika mtu, tulitazame zizi", watu wawili watalala salama. Hayo hayahitaji bajeti.

Wazee wetu, ingekuwa rahisi tumtwike diwani mzigo wote kisha tuende kula. Lakini diwani ni kivuli cha waliomchagua. Akijua ya kwamba tutampigia makofi kwa kuwatukana wageni, atawatukana. Akijua ya kwamba tutamwuliza juu ya mkono wa yule kijana, atajiandaa kujibu. Kwa sababu hiyo Kamati yaleta mbele ya Mkutano huu mapendekezo manne, nayo yatapigiwa kura leo.

Kwanza, ya kwamba katika kamati ya ulinzi ya kila kijiji ambamo Chama chetu kina wajumbe, viti viwili viwe vya wakaaji waliotoka nje, mmoja wao mwanamke. Twajua kuna wenye kulipinga hili, wasemao ya kwamba mgeni atafichua siri za ulinzi. Siri gani? Usiku ule hatukuwa na siri yoyote, tulikuwa na uvumi. Angalikuwapo kamatini mtu mmoja aliyewajua vijana wale, angalisema ya kwamba taa yao iliwaka kwa sababu mmoja alikuwa akiugua homa.

Pili, ya kwamba mtu asikamatwe wala asitajwe jina hadharani kabla ya wazee watatu kwenda kutazama mahali pa kosa na kufuata nyayo. Babu zetu walikuwa hodari wa kusoma nyayo, na si haki ujuzi huo ufe katika mikono yetu wakati simu ya mkononi yaweza kutangaza jina la mtu katika vijiji kumi kwa dakika moja.

Tatu, ya kwamba mikutano ya ulinzi ifanywe kwa Kiswahili kila anapokuwapo hata mtu mmoja asiyejua Kidawida. Lugha yetu twaipenda, na tutaendelea kuimba na kuomba kwayo. Lakini mtu akijadiliwa kwa lugha asiyoielewa, huona ya kwamba kamba inasukwa kwa ajili ya shingo yake.

Nne, ya kwamba kabla ya kila uchaguzi Chama kimwalike kila mtaka kiti cha wadi, wa upande wowote, aulizwe swali moja mbele ya wenyeji na wageni pamoja: akishapata kiti, mpangaji asiye wa kabila lake atamwona lini na wapi? Atakayejibu kwa kutaja siku na mahali, jibu lake litaandikwa daftarini, na mwakani litasomwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya kumaliza twarudi kwenye daftari. Mjomba yule aliondoka bila jibu, kwa maana siku ile tulitafuta maneno ya kujitetea tukachelewa. Leo, kwa idhini ya Kamati, tumekwisha kuandika katika ukurasa ule ule, chini ya maneno ya zamani, ambayo hatukuyafuta ili aibu yetu ionekane: "Watu hawa wawili hawakuiba. Mbuzi 9 walionekana wazima, wawili waliliwa na fisi. Walipigwa bila hatia, na sisi tulikuwapo." Majina yao yamo daftarini. Hapa katika kitabu cha ripoti hatuyataji, kwa kuwa wenyewe wameomba hivyo. Kijana yule mkono wake umeunga, ingawa hauwezi tena kazi ya nyundo, naye amerudi kwao. Nakala ya ukurasa huu itapelekwa kwa mjomba wake na wazee wawili, mkono kwa mkono. Haikupelekwa kwa posta, kwa sababu aliyepiga hadharani hapaswi kuomba radhi kwa bahasha.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kutasa. Mtu mwenye uchungu moyoni alipiga funda la maji au la pombe ya miwa, akalitema, huku akitamka mbele ya wenziwe ya kwamba ameutoa ule uchungu, na kuwaombea heri wale aliokuwa amewakasirikia. Waliamini ya kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi na ukame juu ya nyumba nzima. Sisi tuliosomeshwa misheni tulifundishwa kuiacha desturi hiyo, lakini sharti tukiri ya kwamba hatukuweka nyingine mahali pake. Maungamo ya Jumapili twayafanya kwa Mungu, na jirani twamwacha na mkono wake uliovunjika. Leo basi, kabla ya kuketi, tumesema tuliyokuwa nayo moyoni mbele ya wakubwa wetu. Twawaomba wazee wenye umri na haki ya kufanya hivyo wapokee maji yaliyo mezani, wayaseme maneno yanayostahili kwa namna wanayoijua wao, kisha Mwenyekiti aite kura juu ya yale mapendekezo manne.

Mwenyezi Mungu aibariki Kishushe na kila aliyelala ndani yake, aliyezaliwa hapa na aliyekuja jana.